Kila pacha na tarehe yake: njiti wawili, kliniki na matembezi ya kwanza

Wanangu ni njiti, yaani walizaliwa kabla ya wakati, wiki ya 31 ya ujauzito. Kurwa alikuwa na gramu 1,480, Doto 1,260. Kurwa aliruhusiwa siku ya 37, Doto akabaki wodini hadi siku ya 46. Kwa siku hizo tisa mmoja alikuwa kifuani pangu nyumbani, mwingine bado anafundishwa kunyonya na manesi, na mimi nalia njia nzima, kwenda na kurudi. Ndipo nilipoelewa kitu ambacho hakuna aliyekuwa amenitamkia waziwazi: mapacha si mtoto mmoja mara mbili. Kila mmoja ana uzito wake, dozi yake, tarehe yake ya kupimwa macho na siku yake ya kuwa tayari kutoka nje. Ukiwaendesha kwa pamoja kwa sababu ni rahisi, yule mdogo ndiye anayeumia, tena kimyakimya.

Yafuatayo ni mambo tuliyoyafanya, pamoja na yale ambayo natamani tungeyafanya mapema zaidi. Daktari wenu anawajua watoto wenu kuliko mimi, kwa hiyo akisema tofauti, mfuate yeye.

Kabla ya kutoka wodini

Siku ya kuruhusiwa unataka kukimbia. Usikimbie. Mwombe nesi akae nawe dakika ishirini, na umuulize haya kwa kila mtoto peke yake: uzito wa leo na mzingo wa kichwa, kama ubongo ulipigwa ultrasaundi na majibu yake, macho yamepimwa lini na yatapimwa tena lini, masikio yamepimwa au bado, chanjo zipi ameshapata, dawa zipi anaenda nazo nyumbani, mililita ngapi, mara ngapi, na namba ya kupiga usiku wa manane. Ukimaliza kwa Kurwa, anza upya kwa Doto. Usikubali jibu la "wote wako sawa".

Andika yote. Mimi nilinunua daftari moja gumu. Kurwa anaanzia ukurasa wa mbele, Doto anaanzia nyuma, unaligeuza juu chini. Nilijaribu kwanza kurasa za mkabala, huyu kushoto, yule kulia, na usingizi ukanifanya niandike pasipostahili. Daftari la kugeuza halikukubali kosa hilo.

Sababu ya ukali wangu huu ni wiki ya kwanza ya kuwa na wote wawili nyumbani. Njiti huzaliwa kabla ya kuweka akiba ya madini ya chuma, kwa hiyo wengi hupewa matone ya chuma kwa miezi kadhaa. Saa tisa za usiku nilimpa Kurwa matone yake. Saa kumi na mbili dada yangu akaamka anisaidie, akampa Kurwa tena akidhani ni Doto. Doto hakupata kitu. Nilipiga simu wodini huku mikono ikitetemeka. Nesi aliniuliza uzito wa mtoto na kiasi alichopewa, akasema kwa kiasi kile hategemei madhara, tumwangalie kama atatapika au kuharisha, na kesho turudi kwenye dozi ya kawaida. Kisha akaniambia, kwa upole kabisa, "Mama, ingekuwa dawa nyingine, sasa hivi ningekwambia mje." Maneno hayo sijayasahau.

Tangu asubuhi ile, ukucha wa kidole gumba cha mguu wa Doto ulipakwa rangi nyekundu, na kila anayetoa dawa anaandika saa na kuweka sahihi kabla hajafunga chupa. Soksi za rangi tofauti hazitoshi, kwa maana soksi huvuka miguu. Na kumbuka dozi za njiti hupigiwa hesabu kwa kilo. Mtoto aliyeongezeka gramu 600 anaweza kuhitaji dozi mpya, kwa hiyo kila kliniki uliza, "Kwa uzito huu, bado ni kiasi kilekile?"

Umri wa aina mbili

Mimba huhesabiwa wiki 40. Wangu walizaliwa wiki ya 31, hivyo waliwahi kwa wiki 9. Umri wao wa marekebisho ni umri tangu kuzaliwa, ukitoa hizo wiki 9. Hesabu hii hutumika mpaka wafike miaka miwili.

Chanjo hufuata umri wa kuzaliwa. Ukuaji na maendeleo hufuata umri wa marekebisho: kukaza shingo, kukaa, kutabasamu, kuanza chakula, na nukta ya uzito kwenye mchoro wa kadi. Wengi huchanganya hapa, na kosa huenda pande zote mbili. Kuna mzazi anayechelewesha chanjo "mpaka wakue kidogo", na kuna anayekosa usingizi kwa sababu mtoto wa miezi minne hafanyi wanayofanya wenziwe wa miezi minne.

Mimi nilikuwa huyo wa pili. Wiki ya kumi, ya kumi na moja, ya kumi na mbili, nainama juu yao natafuta tabasamu, na wao wananitazama tu. Wiki ya 15 Kurwa akatabasamu, macho yakiwa yamenikazia. Toa 9, zinabaki 6. Alikuwa kwenye wakati wake sawasawa, ni mimi niliyekuwa nahesabu vibaya. Doto alichukua wiki mbili zaidi, na hilo nalo lilikuwa ndani ya kawaida.

Kliniki nyingi wanaandika umri wa kuzaliwa peke yake kwenye kadi. Andika wewe mwenyewe kwa kalamu, juu kabisa: "Amezaliwa wiki 31". Daktari mgeni akiliona hilo, mazungumzo yote yanabadilika.

Siku ya kliniki

Kwa njiti, kliniki ndiyo safari ya kwanza duniani, kwa hiyo ipange kama safari. Omba miadi ya asubuhi, mapema kabisa, kabla benchi halijajaa watoto wenye vikohozi. Omba wote wawili waonwe siku moja inapowezekana, lakini kila mmoja na faili lake na muda wake. Na msiende chini ya watu wazima wawili. Najua si kila mtu ana mwenza au ndugu wa kumsindikiza. Kama uko peke yako, hapa ndipo pa kumwomba jirani au rafiki bila aibu, kwa sababu kuna wakati mtoto mmoja anashikwa na daktari na mwingine anatapika, na mikono yako ni miwili tu.

Pakia usiku. Kwa kila mtoto: nepi tano, nguo mbili za kubadili, kofia, blanketi jepesi. Kwa wote: daftari, kadi, kipimajoto, maziwa uliyokamua kama unawalisha kwa kikombe au bomba, maji yako ya kunywa na kitu cha kula. Mama anayenyonyesha wawili akishinda na njaa, mchana hawezi kufikiri wala kuuliza swali la maana.

Safari yetu ya kwanza foleni ilikuwa ndefu na chumba kilikuwa na baridi. Nilikuwa nimewavisha vizuri, nikaridhika. Nesi wa mizani ndiye aliyegusa nyayo za Doto akanyamaza kidogo, kisha akampima: 36.1. Joto la mtoto mchanga linapaswa kuwa kati ya 36.5 na 37.5. Hakuongeza nguo. Alinivua blauzi nyuma ya pazia, akamlaza Doto kifuani akiwa na nepi na kofia tu, ngozi kwa ngozi, akatufunika wote wawili. Dakika arobaini baadaye alikuwa 36.7 na ananyonya.

Hiyo ndiyo njia ya kangaruu. Ilianza Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, Daktari Edgar Rey alipokuwa na njiti wengi kuliko inkubeta. Nilidhani ni ya wodini tu, nikaiacha nilipofika nyumbani, na hilo ni kosa langu. Shirika la Afya Duniani, katika mapendekezo yake ya 2022, linataka mtoto akae hivyo saa 8 hadi 24 kwa siku. Kwa mapacha maana yake ni vifua viwili: mimi na huyu, baba na yule, kisha tunabadilishana. Kama uko peke yako, wawili wanaenea kifua kimoja, mmoja kila upande, nesi akuoneshe namna ya kuwafunga. Iendelezeni nyumbani, na foleni ikiwa ndefu ifanyeni papo hapo.

Kwenye mizani, mtoto apimwe uchi, bila nepi, na ikiwezekana mizani ileile kila mara. Miezi ya mwanzo baada ya kutoka wodini tulitarajia gramu 20 hadi 30 kwa siku, kwa wastani wa wiki. Nasisitiza wastani. Usipime kila siku nyumbani, utapata wazimu bure kwa nepi moja iliyojaa. Na usimpime Doto kwa kipimo cha Kurwa. Doto alikuwa nyuma yake kwa gramu 200 hadi 400 miezi yote ile, na daktari hakushtuka, kwa sababu mstari wake mwenyewe ulikuwa unapanda bila kukatika. Ulipolala kwa wiki mbili, hapo alishtuka, ingawa kwa macho yangu mtoto alikuwa mzuri tu. Tukagundua anachoka kunyonya kabla hajashiba, tukaanza kumwongezea maziwa ya kukamua kwa kikombe baada ya titi.

Macho: tarehe isiyosubiri

Ukisahau yote niliyoandika, hili libaki. Njiti huzaliwa mishipa ya damu ya nyuma ya jicho ikiwa haijamaliza kukua. Kwa baadhi yao mishipa hiyo hukua vibaya, huvuta pazia la nyuma ya jicho linalopokea mwanga, na mtoto anaweza kupofuka. Ugonjwa unaitwa retinopathi ya njiti. Mwanamuziki Stevie Wonder, aliyezaliwa kabla ya wakati mwaka 1950, ugonjwa huu ndio uliomwondolea uwezo wa kuona. Siku hizi unatibika kwa leza au sindano, ila muda wa kutibu ni mfupi, pengine siku chache tu tangu uonekane kuwa mkali. Nawe nyumbani hutauona. Jicho linakuwa zuri, linameremeta, huku ndani mambo yanaharibika. Ni daktari wa macho tu, akiwa na kifaa chake, anayeweza kuujua.

Kipimo cha kwanza kwa kawaida hufanyika wiki chache baada ya kuzaliwa, mara nyingi karibu na wiki ya nne, kisha hurudiwa kila wiki moja au mbili au zaidi, kutegemea alichokiona daktari, mpaka mishipa ikomae. Kurwa alimaliza kwenye kipimo cha pili. Daktari akaniambia, "Macho yamekomaa, hongera." Mimi nikasikia "macho ya watoto". Miadi ya Doto ilikuwa wiki inayofuata, na nusura niiache, mvua ilikuwa kubwa na nilikuwa nimechoka mno. Baba yao alifungua daftari upande wa nyuma akasema, "Hapa hujaandika amemaliza." Tukaenda. Doto alikuwa na hatua ya kwanza ya ugonjwa. Ilikuja kupungua yenyewe, kama inavyokuwa kwa wengi, lakini tulirudi mara tatu zaidi kuhakikisha. Kila nikikumbuka mvua ile moyo unaenda mbio.

Siku yenyewe ni ngumu kuitazama, nakwambia mapema ujiandae. Wanamdondoshea matone ya kutanua mboni, wanasubiri, kisha wanaweka kifaa kidogo cha kushikilia kope. Mtoto atalia. Uliza kama anatakiwa kukaa muda gani bila kunyonya kabla ya kipimo, ili asitapike. Mfunge vizuri kwa shuka mikono ikiwa kifuani. Omba awekewe tone la maziwa yako mdomoni au anyonye kidole kisafi wakati wa kipimo. Ukishindwa kusimama pale, mwachie mwingine amshike, si dhambi. Kwa saa kadhaa baadaye mwanga utamuumiza, kwa hiyo mfunike na kivuli njiani na uzime taa kali nyumbani.

Masikio na chanjo

Aliyekaa wodini siku nyingi, aliyepata manjano kali au dawa fulani za sindano yuko kwenye hatari zaidi ya kusikia vibaya, ndiyo maana hupimwa. Kipimo hakiumi, ila kinataka mtoto aliyelala. Mnyonyeshe pale pale mlangoni, si nyumbani. Na kwa mapacha, peleka wa kwanza aliyelala huku wa pili akishikwa mbali, asije akamwamsha.

Chanjo, nimeshasema, kwa umri wa kuzaliwa. Chache za mwanzo kabisa zinaweza kusubiri mtoto afikie uzito fulani, na hilo litaamuliwa na kliniki. Njiti wadogo sana wengine husahau kupumua kidogo baada ya chanjo za kwanza, kwa hiyo kama wako aliwahi kuwa na tatizo hilo, uliza kama atakaa chini ya uangalizi. Nanyi mnaoishi naye mchanjwe, hasa mafua makali na kifaduro, maana hayo huletwa nyumbani na watu wazima.

Usisubiri miadi

Kuna mambo hayana tarehe. Nenda hospitali saa hiyohiyo ukiona pumzi 60 au zaidi kwa dakika mtoto akiwa ametulia (hesabu dakika nzima, njiti hupumua kwa mafungu), kifua kinachobonyea ndani, tundu za pua zinazotanuka, kuguna kila pumzi, midomo ya buluu, au pumzi kusimama kwa sekunde 20. Pia joto la 38 na zaidi. Joto chini ya 36.5 lisilopanda baada ya saa moja ya ngozi kwa ngozi, degedege, au mtoto aliyegoma kunyonya na analegea mikononi. Akiugua mmoja, mpime na mwenziwe, hata kama anaonekana mzima.

Matembezi

Watu watakuuliza lini utawatoa. Mimi nilimuuliza daktari kwa kila mtoto, na jibu halikuwa moja. Kurwa alishatulia joto, ananyonya vizuri, anapanda uzito. Doto bado.

Tulianza mlangoni. Dakika kumi za hewa ya asubuhi, kivulini, Kurwa kifuani mwa baba yake. Siku zilizofuata tukafika mwisho wa njia na kurudi. Ukimbeba kwa kitambaa au mbeleko, uso wake uwe wazi na karibu kiasi cha kuweza kumbusu utosini, kidevu kisigande kifuani, maana koo la njiti huziba kwa urahisi. Kwa nguo, gusa shingo nyuma, si vidole: pakiwa na jasho amezidishiwa.

Ndani ya gari, kiti chake kitazame nyuma. Viringisha vitambaa viwili pembeni mwa kichwa na mwili asiangukie upande, usiweke kitu nyuma ya mgongo wake. Miezi ya mwanzo tulijiwekea nusu saa, tukizidisha tunasimama na kumtoa. Mtu mmoja alikaa nyuma nao, akiwatazama. Mkifika, atoke kitini, alazwe chali mahali tambarare, kila mmoja na sehemu yake.

Sehemu zilizofungwa zenye watu wengi tuliziacha miezi ile: sherehe, ibada iliyojaa, sokoni. Wapo waliochukia. Mapacha wanavuta watu kuliko kitu chochote, kila mtu anataka kumshika mmoja, kumbusu, kuwalinganisha. Nilipata sentensi moja na nikaishika: "Walizaliwa kabla ya wakati, daktari amekataza kuguswa, waangalie tu." Naisema nikitabasamu, huku nimeshageuza bega. Nyumbani, maji na sabuni mlangoni kwa kila mgeni, mwenye mafua arudi siku nyingine, na mvutaji wa sigara asimshike mtoto na nguo aliyovutia. Hata awe mjomba.

Doto alitoka wiki tatu baada ya Kurwa. Nilijaribiwa kumtoa mapema, picha ya wawili pamoja ingependeza. Siku yake ilipofika nilimwacha Kurwa amelala na baba yake, nikatoka na Doto peke yake. Upepo mdogo ulimpiga usoni, akakunja uso, akafumbua macho yake yale yaliyotutia hofu, akayakodoa kwenye majani yanayocheza juu yetu. Dakika kumi. Nikarudi ndani, nikageuza daftari, nikaandika upande wake.